Omega Speedmaster: saa ya kutia ufunguo ambayo watu hawajaichoka tangu 1957

Kamani_Juu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Saa yangu ya mkononi inachelewa sekunde nne kwa siku. Haina betri, haina tarehe, haipokei ujumbe, na nisipoitia ufunguo kwa siku mbili inasimama. Simu iliyo mfukoni haikosei hata sekunde moja. Pamoja na hayo, nikitoka nyumbani nikagundua nimeiacha mezani, narudi kuichukua hata kama nimeshafika mbali. Nimeulizwa sana kwa nini, na jibu langu huwa refu mno kwa maongezi ya kusimama. Ndiyo maana nimefungua uzi.

Saa yenyewe ni Omega Speedmaster Professional, ile wengi wanaijua kama saa ya mwezini. Imani yangu ni hii, na yote nitakayoandika yanaizunguka: saa hii inapendwa mpaka leo kwa sababu kila alama usoni mwake iliwekwa ifanye kazi, na ilipoonekana kazi inafanyika vizuri, wenye kiwanda wakawa na busara ya kutoivuruga. Hadithi ya mwezi ni tamu, nitaisimulia, ila saa ilikuwa imeshakamilika kabla ya mtu yeyote kufika huko.

Tuanze na uso. Ilitoka 1957 ikiwa imelengwa kwa madereva wa mashindano na mainjinia. Ni kronografu, maana yake ni saa ya kawaida iliyobeba ndani yake saa nyingine ya kupimia muda. Mshale mrefu wa katikati umelala tu juu penye kumi na mbili. Bonyeza kitufe cha juu, unaanza kutembea. Bonyeza tena, unasimama. Bonyeza cha chini, unaruka na kurudi mahali pake kwa mkupuo mmoja, na kidole kinausikia mruko huo. Vile viduara vitatu vidogo navyo vina zamu zake: cha kushoto kinaonesha sekunde za kawaida, cha kulia kinahesabu dakika mpaka 30, cha chini kinahesabu saa mpaka 12.

Sasa hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Kronografu za zamani zilikuwa na takimita, yaani kipimo cha mwendo, kilichochapwa humohumo usoni pamoja na namba nyingine zote, mpaka jicho linapotea. Speedmaster ndiyo ya kwanza kukitoa nje na kukiweka kwenye pete inayozunguka kioo. Unaendesha gari, unabonyeza ukipita nguzo ya kilomita, unabonyeza tena ukipita nguzo inayofuata. Mshale umesimama sekunde ya 36? Tazama pete mahali unapoelekea: 100. Gari linakwenda kilomita 100 kwa saa. Ukisimama sekunde ya 45, utasoma 80. Kinachofanyika ni 3,600 kugawanywa kwa sekunde ulizotumia, ila hesabu imeshafanywa na mchongaji wa pete, wewe unasoma jibu tu.

Na kwa kuwa pete imebeba mzigo huo, uso umebaki mweusi mtulivu wenye alama nyeupe nyembamba. Unausoma kwa jicho la haraka, jua likiwaka au taa ikiwa hafifu. Mtu asiyejua lolote kuhusu takimita anaitazama saa hii na kusema ni nzuri. Anachokiona ni ule utulivu, hata kama hajui ulikotoka.

Nitaendelea. Maswali yanaruhusiwa.

Mwewe

Uzi mzuri mkuu. Lakini hiyo si NASA ndio waliagiza watengenezewe? Halafu nimewahi kusoma kwamba walichagua ya kutia ufunguo kwa sababu zile zinazojijaza zenyewe kwa mtikisiko wa mkono hazifanyi kazi pasipo na uzito.

Kamani_Juu

Mkuu Mwewe, ahsante kwa swali, maana hayo mambo mawili yanazunguka sana na yote hayako sawa.

NASA hawakuagiza watengenezewe chochote. Safari ya kwanza ya Speedmaster angani ilikuwa ya mtu binafsi. Oktoba 1962 Walter Schirra aliruka na chombo cha Mercury akiwa amevaa saa aliyoinunua mwenyewe. Baadaye, 1964, injinia wa NASA aitwaye James Ragan akapewa kazi ya kutafuta saa rasmi ya wanaanga. Akaandikia kampuni, akapokea saa za dukani, akazipeleka kwenye mateso.

Nasema mateso kwa makusudi. Saa ziliwekwa kwenye joto la nyuzi 71 kwa saa 48, kisha nyuzi 93 kwa nusu saa. Zikatiwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa saa nne. Zikakaa siku kumi kwenye unyevu wa asilimia 95 na zaidi. Zikapigwa mishtuko ya mara 40 ya nguvu ya mvutano wa dunia, kutoka pande sita. Zikaondolewa hewa, zikashindiliwa hewa, zikatikiswa, zikapigiwa kelele ya desibeli 130 kwa nusu saa. Majaribio kumi na moja. Saa nyingine mbili zilizofika hatua hiyo zilishindwa: kwenye joto moja ilipinda mshale, nyingine ikapinda kioo mpaka kikabanduka. Speedmaster nayo haikutoka bila kuumia, iliwahi na kuchelewa hapa na pale, lakini iliendelea kutembea mpaka mwisho. Tarehe 1 Machi 1965 ikapitishwa. Juni mwaka huohuo Edward White akatoka nje ya chombo cha Gemini 4, Mmarekani wa kwanza kuelea angani, nayo ikiwa juu ya mkono wa vazi lake.

Kuhusu zile za kujijaza zenyewe: wakati wa majaribio hayo hapakuwa na kronografu ya namna hiyo duniani. Za kwanza zilitoka 1969. Na zikija kupelekwa juu zinafanya kazi, kwa sababu ule uzani wa ndani unasukumwa na mwendo wa mkono wenyewe. Mwanaanga William Pogue alikaa na saa ya Seiko ya namna hiyo kwenye kituo cha anga cha Skylab kuanzia mwishoni mwa 1973. Kwa hiyo ufunguo haukuwa hila ya kisayansi. Ndivyo kronografu nzuri zilivyokuwa enzi zile.

Sasa mwezini. Julai 1969 Neil Armstrong alishuka bila saa yake. Kipima muda cha umeme ndani ya chombo kilikuwa kimeharibika, akaiacha saa humo iwe badala yake. Aliyeshuka na Speedmaster mkononi ni Buzz Aldrin, na hiyo ndiyo saa ya kwanza kuvaliwa juu ya mwezi. Cha kuuma ni kwamba saa yake ilipotea miaka ya baadaye ikipelekwa makumbusho ya Smithsonian, na haijaonekana tena mpaka leo. Kila nikikumbuka kwamba huenda imelala kwenye droo ya mtu asiyejua alichonacho, roho inaniuma.

Lakini kwangu mimi saa hii haikustahili heshima yake Julai 1969. Iliistahili Aprili 1970, ndani ya Apollo 13.

Mnajua kisa: tangi la oksijeni lililipuka wakiwa njiani kwenda mwezini, na watu watatu wakajibana ndani ya chombo kidogo cha kutulia mwezini ili wabaki hai. Kila kitu cha umeme kilichoweza kuzimwa kilizimwa ili kutunza nguvu. Wakiwa njiani kurudi, njia yao ikawa imepotoka kidogo. Ikabidi wawashe injini kwa sekunde 14 kuinyoosha. Wakizidisha au kupunguza, wangeingia kwenye hewa ya dunia kwa pembe mbaya. Kompyuta imezimwa. James Lovell na Fred Haise wakashika usukani wakiilenga dunia kupitia dirishani, na Jack Swigert akahesabu zile sekunde kwenye Speedmaster yake. Kitufe cha juu kimebonyezwa, mshale unatembea, kitufe kimebonyezwa tena.

Fikirini jinsi kilivyo kitendo kidogo. Ni kilekile nilichoeleza cha nguzo za kilomita barabarani. Mtu aliyechora uso ule mwaka 1957 alimfikiria dereva, na miaka kumi na mitatu baadaye watu watatu wakautumia kurudi nyumbani. Oktoba 1970 wanaanga wakaipa Omega tuzo yao ya Snoopy wa fedha, yule mbwa wa katuni.

Niseme ukweli wote, nisije nikaonekana mpiga debe. Kwenye Apollo 15, mwaka 1971, kioo cha Speedmaster ya David Scott kilichomoka, na mara yake ya tatu kutembea juu ya mwezi akavaa saa ya Bulova aliyokuwa ameibeba. Hata saa hii ina siku zake.

Nahodha

Hicho kioo ndicho nilitaka kuuliza. Ni kweli ni plastiki? Saa ya heshima kiasi hicho?

Kamani_Juu

Ni kweli mkuu, inaitwa hesaliti. Zipo pia za kioo cha yakuti, lakini ya asili ni hesaliti. Kioo kigumu kikipasuka kinatoa vipande, na ndani ya chombo kisicho na uzito vipande vinaelea vikitafuta macho na mapafu ya watu. Hesaliti inachubuka, hailipuki.

Na mchubuko wake unatibika. Niliwahi kuigonga yangu kwenye fremu ya mlango, ukabaki mstari mweupe unaokatiza kutoka 2 mpaka 5. Nilikaa nayo mezani, nikapaka dawa ya kung'arishia plastiki kiasi cha punje ya mchele kwenye kitambaa cha pamba, nikasugua taratibu kwa duara. Baada ya dakika kumi na tano mstari ulikuwa umekwisha kabisa. Yakuti ikipata jeraha, ni kubadilisha kioo kizima.

Kuna siri nyingine hapo. Chukua lenzi ya fundi, tazama katikati kabisa ya kioo, pale mishale inapokutana chini yake. Utaona alama ya Omega imechongwa ndogo kuliko ncha ya sindano. Niliivaa miaka miwili bila kujua ipo. Siku niliyoiona nilimwita kila mtu aliyekuwa ndani ya nyumba aje kuchungulia.

Kama unanunua na unasitasita: yakuti inaonekana safi zaidi, lakini pembeni ina kivuli cheupe kama maziwa. Hesaliti ina joto fulani, mishale inaonekana kama iko karibu nawe. Mimi nachagua hesaliti bila kufikiri mara mbili.

Kipepeo

Naheshimu mapenzi yako mkuu, ila niseme ninavyoona. Saa ya betri ya bei ndogo inatunza muda kuliko hiyo. Watu wengi wanaovaa hizi wanavaa jina na hadithi. Ukiondoa mwezi hapo, kinabaki nini?

Kamani_Juu

Kipepeo, swali lako ni la haki, na nimelala nalo kabla ya kujibu.

Ni kweli wapo wanaovaa jina. Siwezi kuwasemea. Lakini tazama kalenda ya mwaka ule. Julai 1969 saa ya kamani, yaani ile springi inayokazwa kwa ufunguo, inatembea juu ya mwezi. Desemba 25 mwaka huohuo, huko Tokyo, Seiko wanatoa Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi, yaani ya betri, kuuzwa. Kuanzia siku hiyo hoja yako ikawa kweli tupu: betri inashinda. Utengenezaji wa saa wa Uswisi, nchi ya Omega, ukaporomoka. Tasnia iliyoajiri watu wapatao 90,000 mwaka 1970 ikabaki na kama theluthi yao katikati ya miaka ya themanini. Viwanda vilifungwa, mashine zikauzwa kama chuma chakavu. Kama saa za kamani zilipendwa kwa sababu ya kutunza muda peke yake, zilipaswa kwisha pale pale, na Speedmaster ingekwisha nazo, mwezi au hakuna mwezi. Watu wameendelea kuinunua zaidi ya miaka hamsini tangu ilipoacha kuwa ya lazima. Na 1978 NASA walipojaribu saa upya kwa ajili ya vyombo vya kwenda na kurudi, waliichagua tena hiyohiyo.

Kinachobaki ukiondoa mwezi, nitakueleza ninachokisikia. Asubuhi naishika kwa vidole viwili pembeni na kuitia ufunguo. Mwanzoni inazunguka laini, halafu inaanza kukaza, mwishoni inagoma, na hapo unajua kamani imejaa. Kuanzia hapo ile kamani inajikunjua polepole, ikisukuma magurudumu yenye meno, na mwisho wa mlolongo kuna gurudumu dogo linalopepesuka kushoto na kulia. Katika injini ya kwangu linapiga mara 21,600 kwa saa moja. Hayo ni mapigo sita kila sekunde, zaidi ya laki tano kwa siku, na nguvu yote imetoka kwenye vidole vyangu.

Zile sekunde nne nilizosema inapoteza, nilizipigia hesabu. Siku ina sekunde 86,400. Gawanya kwa nne: kosa moja kati ya 21,600. Namba ileile ya mapigo yake kwa saa. Imetokea tu, haina maana yoyote, lakini ilinifurahisha siku nzima. Na nikuulize, ni kazi gani ya mkono wa binadamu, chuma kwa chuma na tone la mafuta, inayokosea mara moja tu katika 21,600?

Ya betri inatunza muda vizuri zaidi, nakubali moja kwa moja. Ila sijawahi kuifungua ya betri nikakaa kimya kuitazama.

Kipepeo

Hapo nimekuelewa. Bado sinunui, lakini nimekuelewa.

Chiriku

Wakuu shikamooni. Nimesoma uzi wote nikakumbuka kitu. Mjomba wangu aliniachia saa alipofariki. Imeandikwa Speedmaster, nyeusi, mkanda umekatika. Chini usoni kuna herufi T kushoto na kulia ya yale maneno ya Uswisi. Vialama vya kung'aa vimekuwa rangi ya krimu. Nikiitia ufunguo inatembea kidogo inasimama, na ule mshale mrefu haurudi sawasawa kwenye kumi na mbili, unasimama kabla kidogo. Imekufa?

Kamani_Juu

Marahaba Chiriku, na pole kwa mjomba. Haijafa. Tafadhali usiitie ufunguo tena na usibonyeze vitufe, kwa sababu mafuta yaliyokauka yanageuka kama msasa, na kila mzunguko unakula chuma.

Hizo T ni za triti, kemikali iliyotumika kung'arisha alama usiku. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka kumi na miwili hivi, kwa hiyo yako imeshalala, na ile rangi ya krimu ni uzee wake. Usiruhusu mtu aipake upya. Nisaidie kitu kimoja: kwenye pete ya nje tafuta namba 90. Kuna kitone. Kiko juu ya tisini au ubavuni mwake?

Chiriku

Ubavuni.

Kamani_Juu

Basi pete hiyo ni ya baada ya 1970 au karibu na hapo. Za kabla yake kitone kinakaa juu ya tisini, na watu wanazitafuta kwa udi na uvumba. Usisikitike hata kidogo. Ndani nategemea utakuta injini 861, iliyoanza kutumika 1968, ngumu kama mwamba.

Mpelekee fundi saa anayezijua kronografu za kamani. Kabla hujamwachia, mwambie mambo haya na uyarudie: asafishe na kutia mafuta tu, asibadilishe uso wala mishale, kila kipande atakachokitoa akurudishie, na ASIIPIGE MSASA. Nasema kwa uchungu. Yangu ya kwanza niliipeleka kwa fundi mmoja, akanirudishia inang'aa kama kijiko. Zile pembe za kushikia mkanda zina mkunjo mkali, upande mmoja umeng'arishwa na mwingine umekwaruzwa kwa makusudi, na mstari wanapokutana ni kama ukingo wa kisu. Alikuwa ameulainisha wote kwa kudhani ananifanyia hisani. Chuma kilichoondoka hakirudi. Niliiuza kwa sababu sikuweza kuitazama.

Mikwaruzo ya mjomba iache ilipo.

Chiriku

Wakuu narudi na mrejesho, samahani nimechukua wiki tatu.

Fundi kaifungua mbele yangu. Injini ni ya rangi ya shaba, imeandikwa 861 kama Kamani_Juu alivyosema. Tatizo lilikuwa mafuta kukauka, na ule mshale ulikuwa umelegea mahali pake. Kasafisha kila kipande, karudisha. Sasa ukibonyeza cha chini unaruka mpaka kumi na mbili, pah, katikati ya mstari. Hajagusa uso, hajapiga msasa.

Kuna kitu kingine alinionesha. Upande wa ndani wa mfuniko wa nyuma kuna maandishi madogo yamekwaruzwa kwa ncha ya sindano, huwezi kuyaona bila lenzi. Kasema ni mafundi, kila aliyeihudumia saa aliacha alama na tarehe yake. Ziko nne. Ya mwisho ni ya 1994. Mjomba hakuwahi kuniambia kama alikuwa anaihudumia, mimi nilidhani anaivaa tu.

Fundi akaniuliza kama aongeze ya kwake chini ya hizo. Nikamwambia aongeze.